Ijumaa za Ma Klaudia

Mtu wa kwanza kuingia katika steshenari ya Bashiri, pale Muleba mjini, kila Ijumaa asubuhi, hakuwa mwanafunzi wala karani wa ofisi za wilaya. Alikuwa mama mkulima wa miaka sitini na mmoja kutoka Kimwani, aliyeshuka kwenye gari la kutoka upande wa Biharamulo akiwa na kitenge kilichopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Kwapani alibana daftari la shule lililofungwa kwa kipande cha kanga. Jina lake Klaudia Mutembei, na kwa desturi ya Wahaya, ambao mama humwita Ma na baba humwita Ta, wengi walimwita Ma Klaudia.

Aliyempokea dukani alikuwa Mastura, binti wa Bukoba mjini, mwenye miaka ishirini na minne na cheti cha uhazili na kompyuta kutoka chuo cha ufundi. Mastura hakuwa msemaji. Karatasi zake zilikaa mezani zikiwa zimelingana kingo, na barua aliyoichapa yeye haikurudi kusahihishwa. Siku ya kwanza Ma Klaudia alipoweka daftari mezani, Mastura alidhani ni risala ya kikundi au maombi ya ardhi. Alipoanza kuchapa aligundua kwamba ni chapisho la blogu.

Mama huyu wa Kimwani alikuwa na blogu. Alifunguliwa na binti yake Felicitas, aliyeolewa Mwanza, ili amwandikie habari za nyumbani bila kumaliza salio la simu. Felicitas alidhani mama yake ataandika mara mbili tatu, kisha atachoka. Ma Klaudia aliandika kila Ijumaa kwa miaka saba. Miaka mitano aliandika kwanza daftarini, kisha akachapa kwa kidole gumba kwenye simu aliyopewa na bintiye, mpaka siku simu hiyo ilipomponyoka ikazama kwenye ndoo ya kuoshea kahawa. Tangu hapo alibaki na kitochi cha kupigia tu, na ndipo alipoanza kupanda gari kuja Muleba.

Aliandika habari za kibanja chake, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Hakuwa na jambo jingine. Aliandika jinsi anavyovunja ua la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga, ili ugonjwa wa unyanjano, unaonyausha migomba, usihame kutoka shina moja hadi jingine. Aliandika jinsi anavyounguza panga motoni kabla ya kuingia kwenye migomba, hata kama alikuwa ameliunguza jana. Aliandika kuhusu mkahawa mmoja uliozaa vibaya miaka miwili na wa tatu ukazaa mpaka matawi yakainama, wala hajui ni kwa nini, na hilo la kutojua aliliandika pia.

Kila Ijumaa baada ya kuchapa, Mastura alimtolea kwenye karatasi maoni ya wasomaji, naye akayakunja na kuyapeleka nyumbani kuyasoma kwa nafasi. Walimwandikia watu wa Karagwe, wa Ngara, na mwalimu mmoja wa Rubafu aliyewasomea wanafunzi wake machapisho hayo darasani. Lakini Mastura alipofungua kumbukumbu za nyuma, aliona jambo lililomfanya aondoe mikono yake kwenye kibodi. Kwa karibu miaka miwili ya mwanzo hapakuwa na msomaji yeyote isipokuwa Felicitas, na kulikuwa na wiki ambazo hata Felicitas hakufungua. Ma Klaudia aliandika wiki hizo vilevile, kwa urefu uleule, kwa uangalifu uleule, kana kwamba wilaya nzima inasubiri.

Jambo hilo lilimgusa Mastura mahali penye kidonda. Yeye pia alikuwa na blogu. Aliianzisha mara alipomaliza chuo, ya kufundisha watu kuandika barua rasmi, na aliipangia ratiba ya mwaka mzima kwenye karatasi kubwa, Jumatatu kwa wino wa kijani na Alhamisi kwa wino mwekundu. Ilifika chapisho la tisa. Sasa ilikuwa mwezi wa kumi na nne tangu aliandike hilo la tisa, na karatasi ya ratiba ilikuwa bado ukutani chumbani kwake, wino wa kijani umeanza kufifia.

Bashiri, mwenye duka, hakuacha nafasi ya mzaha ipite.

“Mastura,” alimwambia siku moja mbele ya wateja, “huyu mama ana machapisho zaidi ya mia tatu na hana hata simu. Wewe una kompyuta mbili na una tisa. Kile cheti tukirudishe chuoni wakakikague upya?”

Mastura alitabasamu kidogo, akaendelea kunyoosha kingo za karatasi. Lakini Ijumaa iliyofuata, akiwa anachapa, alijikaza akamuuliza Ma Klaudia anapata wapi cha kuandika kila wiki.

Ma Klaudia alifikiri kabla ya kujibu, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwake.

“Binti yangu, mimi sitafuti. Jambo ambalo mkono wangu haujaligusa wiki hiyo siliandiki. Lile ambalo mkono umeligusa lipo tayari. Kazi yangu ni kukaa chini kabla sijanywa chai.”

Mastura aliliweka jibu hilo moyoni, lakini hakulielewa vizuri, na makosa yake yote yaliyofuata yalitokana na hapo.

Baada ya miezi kadhaa Ma Klaudia alimwachia nenosiri la blogu. Aliliandika mwenyewe kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la dukani, kwa herufi kubwa, akasema kwamba ameona mikono ya binti huyu haina haraka. Mastura hakupata kupewa heshima kubwa kuliko hiyo na mtu asiye wa nyumbani kwao.

Ndipo wiki moja ya mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi jioni, kitochi cha Ma Klaudia kilipopiga. Sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema shemeji yake Rutaihwa, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kibanja chake na cha Ma Klaudia vimepakana, amefariki Jumanne alfajiri na amezikwa Jumatano. Kwa hiyo kesho hatakuja Muleba. Mastura alimpa pole, wakaagana.

Juu ya blogu hapakusemwa kitu.

Mastura alikaa mbele ya kompyuta muda mrefu. Miaka saba bila Ijumaa hata moja kukosekana, na sasa kesho ingekosekana mikononi mwake yeye, mwenye nenosiri. Aliiona kesho hiyo kama jino lililong’oka katikati ya safu nzuri. Alifikiri pia, ingawa hakutaka kulikubali, kwamba kama uzi wa Ma Klaudia unaweza kukatika, basi hakuna mtu duniani anayeweza kuendelea bila kukatika, na yeye na machapisho yake tisa waachane salama.

Basi akaandika. Alikuwa amechapa madaftari ya mama huyo zaidi ya mwaka, alijua sentensi zake zinavyoanza na zinavyokaa. Aliandika kwamba Jumatano asubuhi, umande ukiwa haujakauka, aliingia kibanjani na panga lililounguzwa motoni, akapunguza machipukizi upande wa chini, akaacha kwenye kila shina migomba mitatu tu, mama, mtoto na mjukuu. Yote yalikuwa ya kweli kwa mwezi wa kumi wa mwaka uliopita. Alilipanga chapisho litoke lenyewe Ijumaa saa sita mchana, saa ambayo siku zote huyatoa machapisho kabla Bashiri hajafunga duka kwenda kuswali. Usiku ule Mastura alilala vizuri.

Asubuhi aliomba ruhusa kwenda kuhani. Bashiri alimpa, akampa na rambirambi yake ndani ya bahasha. Alipanda gari la Biharamulo, akashuka, akachukua bodaboda, na kabla ya saa tano alikuwa kwa Ma Klaudia, ambako ndiko msiba ulikokaa.

Uani palitandazwa majani makavu, na waombolezaji walikaa juu yake, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Ma Klaudia alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha karibu na jirani yake aitwaye Adventina. Upande wa pili alikaa Agnetha, dada wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye macho yaliyovimba kwa kulia na ulimi ambao kila mtu alionekana kuuogopa kidogo.

Mastura alikaa akitazama. Kilichomshangaza ni majembe. Yalikuwa yameegemezwa ukutani, saba au manane, safi kabisa, na mapanga yalining’inia juu yake. Ulikuwa msimu wa mvua, magugu yamefika magotini pembeni mwa ua, wala hakuna aliyeyatazama. Alimwinamia Adventina, akamuuliza kwa sauti ndogo kama majembe yale ni ya kuchimbia kaburi.

Adventina alimwambia hapana, hayo ni majembe ya majirani, wameyaleta hapo ili yasikae nyumbani yakawashawishi watu. Mtu akifa, hapo kwao hakuna anayelima wala kukata chipukizi mpaka siku ya nne baada ya maziko. Wanaume wa ukoo huruhusiwa kuangusha ndizi za kuwalisha wafiwa, basi. Kuna mtu mmoja kijijini, alisema, aliyepalilia siku ya pili ya msiba wa jirani yake. Hiyo ni miaka ishirini iliyopita, na hata watoto waliozaliwa baadaye wanaijua habari yake.

Mastura alitazama saa. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Aliinuka kama mtu anayetafuta maji. Nyuma ya nyumba simu yake haikuonyesha mtandao. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichochea moto alimwonyesha kichuguu nje ya mpaka wa kibanja, akasema watu hupanda pale kutafuta mtandao. Mastura, aliyevaa baibui na viatu vya kazini, alipanda kichuguu. Mtandao ulikuja, ukapotea, ukaja tena. Ukurasa ulifunguka nusu. Alijaza nenosiri, likamwambia ajaribu tena. Alipojaza mara ya tatu, saa sita ilikuwa imepita kwa dakika nne, na chapisho lilikuwa limekwisha kutoka.

Alirudi mbio, kisha akapunguza mwendo, kwa sababu uani watu wote walikuwa wamemgeukia Agnetha.

Agnetha alikuwa ameshika simu. Laini yake ilikuwa ya mtandao mwingine, nayo ilishika popote. Kila Ijumaa mchana, kama jamaa wengi wa Kimwani wenye simu za kisasa, husoma alichoandika wifi yake.

“Ma Klaudia,” alisema, bila kupandisha sauti. “Jumatano asubuhi ulikuwa kibanjani na panga?”

Ma Klaudia aligeuka.

“Jumatano asubuhi,” Agnetha aliendelea, “tulikuwa tunamchimbia kaburi kaka yangu. Wewe ulikuwa unapunguza machipukizi? Umeandika hapa. Na umande haujakauka, umeandika.”

Ma Klaudia alinyoosha mkono, akaomba simu. Aliishika mbali na macho kwa kuwa hakuwa na miwani, akasoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila haraka, jinsi anavyosoma maoni ya watu wa Karagwe. Kisha akamrudishia.

“Maneno ni yangu,” alisema. “Mkono si wangu.”

Mastura alikuwa amesimama mwishoni mwa majani. Angeweza kunyamaza. Mtu aliyekuwa na nenosiri alikuwa mmoja tu, lakini pale uani hakuna aliyelijua hilo isipokuwa Ma Klaudia, na Ma Klaudia hakumtazama. Alivua viatu, akapiga magoti mbele ya Agnetha.

“Ni mimi, mama. Niliandika mimi jana jioni, Muleba. Nilichukua ya mwaka jana nikaweka tarehe ya juzi. Yeye hakujua.”

“Kwa nini?”

“Ili Ijumaa isikosekane.”

Agnetha alimtazama toka ushungi hadi miguu iliyojaa udongo wa kichuguu. “Ninyi watu wa mjini, mtu akifa kwenu mnaendelea tu na kompyuta?”

“Tunafunga duka siku ya maziko, mama. Kesho yake tunafungua. Sikujua kwamba kwenu na shamba linafungwa.”

Mzee mmoja alikohoa. Ndipo Ma Klaudia aliponyanyuka, akaingia ndani. Alikaa humo kidogo. Alipotoka alikuwa na lile daftari ndani ya kipande cha kanga. Alilifungua penye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, na hakumpa Mastura. Alimpa Agnetha.

“Soma, wifi. Niliandika leo kabla ya chai.”

Agnetha alisoma kwa sauti, kwa sababu watu wote walikuwa wakimsubiri.

“‘Ijumaa. Ta Rutaihwa tumemzika juzi. Tangu Jumanne mkono wangu haujagusa mgomba wala mkahawa. Umegusa maji, kuni, na mgongo wa wifi yangu Agnetha usiku alipolia. Wiki hii kazi ndiyo...’”

Hapo alikatika. Mistari ilikuwa imebaki michache, lakini hakuisoma. Alifunga daftari juu ya kidole chake ili ukurasa usipotee, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, na Adventina akasogea akamshika bega.

Mastura alikuwa bado magotini. Alikuwa amedhani mama huyu anashikilia Ijumaa kwa nguvu, jinsi mtu anavyoshikilia mlango usifungwe na upepo. Kumbe hakukuwa na nguvu yoyote. Msiba umeingia nyumbani, waombolezaji wamelala sebuleni, maji hayatoshi, na huyu ameamka kama kawaida, amejiuliza mkono umegusa nini, akaandika lililopo. Hakujua hata kama litamfikia msomaji. Gari la Muleba hakulipanda, wala hakumwomba mtu amchapie.

“Nilifute lile la uongo, Ma Klaudia?” aliuliza.

“Hapana. Wa Karagwe amekwisha kulisoma. Ukilifuta atabaki nalo kichwani, na hatajua kwamba si kweli.” Ma Klaudia aliketi tena mahali pake. “Juu yake andika kwamba si langu. Kisha weka hili la leo. Na wewe uandike kosa lako, kwa jina lako. Mimi siwezi kukuandikia, mkono wangu haukuligusa.”

Mastura aliinuka, akachukua viatu. Alikuwa amekwisha fika kwenye kona ya nyumba aliposikia mtu nyuma yake.

“Wewe, binti wa kompyuta.” Alikuwa Agnetha, ameshika daftari mkono mmoja na simu mkono mwingine. “Simu yako haina mtandao. Utakaa juu ya kichuguu mpaka arobaini ya kaka yangu. Chukua yangu.”

Basi alichapa kwa simu ya Agnetha, wamekaa wawili kwenye benchi la jikoni, Agnetha akimsomea daftari neno kwa neno. Mistari ile aliyoshindwa kuisoma uani aliisoma sasa. Ilisema kwamba kwa kusimama mlangoni, bila kuingia, anaona chipukizi moja lililokuwa fupi kuliko jiwe la mpaka siku ya kifo, na leo limelipita jiwe. Hakuna aliyelipalilia. Ma Klaudia alikuwa ameandika: ‘Sijui nifikirie nini juu ya hilo. Nimeliona tu.’

Chini yake Mastura aliandika sentensi nne zake mwenyewe. Alisema yeye ni nani, aliandika nini, lini, na kwamba hakuna panga lililoshikwa na Ma Klaudia siku ya Jumatano. Alitia jina lake kamili. Zilimchukua muda mrefu kuliko barua yoyote aliyopata kuchapa, na alipobonyeza kutuma ilikuwa saa nane kasoro. Ijumaa ilikuwa bado Ijumaa.

Kabla hajaondoka, Ma Klaudia alimwita ndani, akamfungulia sanduku la bati. Humo mlikuwa na madaftari mengine, yamefungwa kwa kamba za mgomba, kila moja na mwaka wake. Alichomoa moja, akapekua, akamwonyesha ukurasa wa Ijumaa ya miaka minne iliyopita. Ulikuwa na mstari mmoja: ‘Leo nimemzika Mutembei. Mvua imenyesha kutwa.’ Ukurasa uliofuata, Ijumaa iliyofuata, ulirudi kwenye kahawa.

Mastura alishika daftari lile kwa ncha za vidole, kama linaweza kumwagika.

Aliporudi chumbani kwake Muleba alibandua ratiba ya wino wa kijani na mwekundu. Hakuichana. Aliikunja vizuri, akaiweka chini ya nguo. Wiki nzima hakuandika kitu. Ijumaa aliamka, akaswali, na kabla ya chai akakaa chini akajiuliza mkono wake umegusa nini. Ulikuwa umegusa mashine ya kutolea nakala, iliyomeza karatasi Jumanne mbele ya mwanafunzi aliyekuwa akichelewa gari, naye akaifungua na kuitoa karatasi ile bila kuichana. Aliliandika hilo, nalo likawa chapisho lake la kumi.

Bashiri alilisoma dukani, akasema halina kasoro isipokuwa halikumtaja aliyeiharibu mashine, yaani mwandishi mwenyewe. Saa tatu mlango ulifunguka. Ma Klaudia aliingia na daftari lake kwapani, kitenge kimepigwa pasi. Safari hii alikuwa na miwani, aliyoazimwa na Agnetha. Kabla ya kufungua kanga aliomba asome alichoandika Mastura.

Alisoma mpaka mwisho, kisha akaweka kidole kwenye kioo.

“Hapa umesema watu wengi hawajui kutumia mashine hizi. Kati ya hao wengi, wiki hii mkono wako ulimgusa nani?”

Mastura alifikiri. Akausogeza mshale mpaka kwenye sentensi ile, akaifuta. Kisha akavuta kiti cha wageni karibu na meza, akalifungua daftari la Kimwani, na kuanza kuchapa.